R. G. Baloyi wa Alexandra: Mjumbe wa Baraza Lisilo na Meno



Kwenye majarida yetu ya wanafunzi wa Kiafrika huwa tunawaandika watu walewale: Nkrumah, Nyerere, Lumumba, Mandela. Siyo vibaya, wanastahili. Ila safari hii naomba niwaletee mtu mwingine, ambaye wengi wetu kutoka Afrika Mashariki hatukufundishwa habari zake shuleni. Ni R. G. Baloyi wa Alexandra, Johannesburg. Miaka ya 1930 na 1940 jina lake lilijulikana sana hapa. Alikuwa mwenye mabasi, mwenye nyumba na viwanja, Mweka Hazina Mkuu wa ANC, na mjumbe wa baraza moja la ajabu ambalo wajumbe wake wengine walichaguliwa na wengine waliwekwa na serikali.

Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo naliona ni letu pia. Ukipewa kiti kwenye chombo kisichokusikiliza, ukae au uondoke? Wazee wetu kule Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar waliulizwa swali hilohilo enzi za Baraza la Kutunga Sheria, yaani Legco. Baloyi alilikuta mapema kuliko wengi wao, maana yeye aliingia barazani mwaka 1937.

Hati ya kiwanja

Alexandra, au Alex kama wenyeji wanavyoiita, ipo kaskazini mwa Johannesburg, kilomita kama 14 kutoka katikati ya jiji. Mimi nasoma hapa Johannesburg, na kutoka ninapoishi hadi Alex ni safari ya daladala moja tu, ingawa hapa daladala wanaiita teksi. Ukifika unaona maghorofa ya Sandton ng'ambo ya barabara kuu, na upande huu vibanda vimebanana uani mwa nyumba za zamani. Mgeni anaweza kudhani Alex imekuwa ya kukodi vyumba tangu mwanzo. Haikuanza hivyo.

Mwenye shamba, Mzungu aitwaye Papenfus, alipima viwanja akikusudia kuwauzia Wazungu wenzake, akapaita kwa jina la mke wake. Wazungu hawakupataka, waliona ni mbali mno na mji. Mwaka 1912 viwanja vikaanza kuuzwa kwa Waafrika na machotara. Mwaka uliofuata, 1913, ikaja Sheria ya Ardhi iliyomzuia Mwafrika kununua ardhi karibu nchi nzima, lakini Alex ilikuwa imeshapenya. Kwa hiyo ikabaki moja ya sehemu chache sana karibu na mji ambapo mtu mweusi aliweza kushika mkononi hati ya kiwanja chake mwenyewe.

Mambo mengine yalikuwa duni. Tangu 1916 Alex iliendeshwa na Kamati ya Afya ambayo haikuwa na fedha za maana, na manispaa ya Johannesburg haikutaka kuihudumia. Umeme hapakuwa, na watu wakaipa jina la Jiji la Giza. Hata hivyo mwenye kiwanja aliweza kujenga vyumba akapangisha, akafungua duka, akanunua gari. Baloyi alitokea katika tabaka hilo. Jina lake ni la Watsonga, watu ambao ndugu zao wengine wapo Msumbiji, na utajiri wake aliujenga kwa usafirishaji na majumba.

Na mabasi ndiyo yalikuwa roho ya Alex. Kazi zilikuwa mjini, viwandani na majumbani kwa Wazungu, na watu walikuwa wanalala kilomita 14 mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 biashara hiyo ilikuwa na Waafrika wengi wenye mabasi yao. Lakini sheria ya mwaka 1930 ilitaka kila mwenye basi la abiria awe na kibali cha bodi ya usafirishaji wa barabarani, na kwenye bodi hizo walikaa Wazungu watupu. Makampuni ya Kizungu yalipoanza kuitamani njia ya Alex, Waafrika wakaondolewa mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwaka 1940 njia hiyo ilikuwa mikononi mwa wenye mabasi Wazungu. Shika hilo kichwani, tutalirudia.

Baraza lenyewe

Sasa tuje kwenye kiti. Mwaka 1936 serikali ya Hertzog ilipitisha sheria iliyowaondoa wapigakura Waafrika wa jimbo la Cape kwenye daftari la kawaida. Ndiyo walikuwa Waafrika wa mwisho wenye kura ya bunge katika Afrika Kusini nzima. Badala yake wakapewa daftari la pembeni la kuchagua wabunge 3, nao wawe Wazungu. Waafrika wa nchi nzima wakapewa maseneta 4, nao pia Wazungu. Na kama kifuta machozi likaundwa Baraza la Wawakilishi wa Wenyeji. Wazanzibari msinielewe vibaya, hili halifanani na Baraza la Wawakilishi la Chukwani!

Lilikuwa na watu 22. Sita walikuwa maofisa Wazungu wa serikali, na mwenyekiti alikuwa Katibu wa Mambo ya Wenyeji. Wanne walikuwa Waafrika walioteuliwa na serikali. Kumi na wawili walikuwa Waafrika waliochaguliwa. Kazi yao ilikuwa kusoma miswada inayowahusu Waafrika na kutoa ushauri. Kutunga sheria hawakuweza, kuzuia sheria hawakuweza, hata kumwita waziri ajieleze hawakuweza.

Na hao 12 walichaguliwaje? Hapa ndipo penye utamu wa hila yenyewe. Siyo kwamba mtu alikwenda kituoni akatumbukiza karatasi. Kura zilipigwa kwa mafungu, kupitia machifu, mabaraza ya wenyeji na kamati za uchaguzi, na uzito wa kila fungu ulitokana na idadi ya walipa kodi waliomo. Kodi ya kichwa walitozwa wanaume. Kwa hiyo mama wa Alex aliyekuwa akifua nguo za Wazungu wa mjini hakuwemo kabisa kwenye hesabu, na chifu wa mbali kule vijijini aliweza kuinua maelfu ya kura kwa mkono mmoja.

Wasomi na viongozi wa Kiafrika walikuwa wameipinga miswada hiyo kwa nguvu. Desemba 1935 zaidi ya wajumbe 400 walikutana Bloemfontein wakaikataa. Ilipopita hata hivyo, wengi wakaona afadhali kuingia na kukitumia kilichopo kuliko kuwaachia nafasi wapambe wa serikali. Baloyi akagombea upande wa Transvaal na Orange Free State, akashinda. Desemba 1937, baraza lilipofungua kikao chake cha kwanza Pretoria, alikuwemo pamoja na watu wazito kama John Dube, rais wa kwanza wa ANC, na Selope Thema, mhariri wa gazeti la Bantu World. Mwaka uliofuata ANC ikamfanya Mweka Hazina Mkuu, kazi aliyoishika hadi 1949.

Kiti na basi

Hebu tumtazame sasa kama alivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Anakaa meza moja na maofisa wa serikali, anasomewa miswada, anaombwa ushauri. Kila mwaka yeye na wenzake wanapendekeza sheria za pasi zilegezwe, ardhi iongezwe, elimu ipewe fedha. Kumbukumbu zinaandikwa vizuri na kuchapishwa, kisha mapendekezo yanakaa. Na katika miaka hiyohiyo, njia ya Alex inawatoka wenye mabasi Waafrika, kibali baada ya kibali. Mjumbe wa taifa mwenye mabasi hakuweza kuiokoa biashara ya mabasi ya watu wake kutoka kwenye bodi ya leseni.

Sisemi hivyo kumcheka. Nasema kwa sababu ndiyo kipimo kizuri kuliko hotuba zote. Kiti kilimpa heshima na posho. Uwezo wa kugeuza hata jambo dogo la barabara ya kwao hakikumpa.

Mwaka 1942 ulikuwa wa uchaguzi tena, na Baloyi akaangushwa. Aliyemshinda ni Paul Mosaka, kijana msomi wa Fort Hare, mkali wa maneno. Mwaka 1943 Mosaka alishirikiana na Seneta Hyman Basner, mwanasheria Mzungu wa mrengo wa kushoto, kuanzisha chama cha African Democratic Party, kwa kuona kwamba ANC ya wazee inakwenda taratibu mno. Katika uchaguzi huohuo wa 1942 waliingia pia Z. K. Matthews, A. W. G. Champion na Dk. James Moroka. Baraza likawa na sauti kali zaidi, ila mamlaka yake yalibaki palepale.

Miguu ya Alex

Wakati huo watu wa Alex walikuwa wamegundua baraza lao wenyewe, nalo lilikuwa barabarani. Kati ya 1940 na 1945 walisusia mabasi mara kadhaa. Ile ya Agosti 1943 ndiyo inayokumbukwa sana. Wenye mabasi walipandisha nauli kutoka peni 4 hadi peni 5. Peni moja, jamani! Lakini kwa mfuaji nguo anayekwenda na kurudi kila siku, peni moja ilikuwa mkate. Maelfu ya watu wakashika Barabara ya Louis Botha kwa miguu, asubuhi kwenda na jioni kurudi, karibu kilomita 30 kwa siku. Mabasi yakapita matupu. Baada ya siku 9 nauli ikarudi peni 4. Kati ya waliotembea alikuwemo kijana mmoja aliyewahi kupanga chumba Alex alipofika Johannesburg mara ya kwanza, jina lake Nelson Mandela, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba siku zile zilimtoa kwenye utazamaji zikamwingiza kwenye siasa.

Mwaka 1944 nauli ilipandishwa tena, na safari hii watu walitembea karibu wiki 7, Novemba hadi mwanzoni mwa Januari. Wakashinda tena.

Linganisha basi. Miaka mitano ya Baloyi barazani, pamoja na akili na umaarufu wote wa wenzake 11 waliochaguliwa, haikuondoa hata pasi moja mfukoni mwa mtu. Siku 9 za miguu ziliokoa peni moja kila safari kwa kila mtu. Na wengi wa waliotembea walikuwa wanawake, walewale ambao sheria ya 1936 haikuwahesabu.

Kikao kinaahirishwa

Mwisho wa baraza ulianza Agosti 1946. Tarehe 12 wachimbaji Waafrika zaidi ya 60,000 kwenye migodi ya dhahabu waligoma wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi wakawarudisha mashimoni kwa nguvu, na wachimbaji wasiopungua 9 wakafa. Tarehe 14 baraza likakutana Pretoria, na mwenyekiti akafungua kikao bila kuutaja mgomo. Wajumbe Waafrika, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa pamoja, wakasimama kitu kimoja. Kesho yake wakaahirisha kikao hadi serikali ifute sheria zote za ubaguzi. Mosaka ndiye anayekumbukwa kwa kulifananisha baraza na simu ya kuchezea ya watoto, ambayo unaongea weee lakini upande wa pili hakuna mtu.

Angalieni jambo moja hapo. Hata walioteuliwa waliungana na wenzao. Kwa hiyo kuteuliwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa kibaraka, kama ambavyo kuchaguliwa peke yake hakumpi mtu nguvu.

Baloyi hakuwemo kwenye kikao hicho, lakini wimbi lilimfikia. Desemba 1949 vijana wa Umoja wa Vijana wa ANC walipitisha mpango mpya wa mapambano wa migomo na kususia, ukiwemo ususiaji wa vyombo kama lile baraza. Mkutano huohuo ulibadili uongozi. Dk. Xuma, ambaye naye aliwahi kuwa daktari wa afya wa Alexandra, akaondoka kwenye urais. Walter Sisulu akawa Katibu Mkuu. Uweka hazina ukatoka kwa Baloyi ukaenda kwa Dk. Molema. Kinachofurahisha ni kwamba rais mpya, Dk. Moroka, alikuwa bado mjumbe wa baraza lilelile lililotakiwa kususiwa. Historia haipangiki kama daftari la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwaka 1951 serikali ya makaburu ililifuta baraza, siyo kwa sababu halikuwa na meno, bali kwa sababu lilikuwa limeanza kuuliza maswali ya taifa zima. Badala yake wakarudisha mambo kwa machifu wa kila kabila. Tunda la sera hiyo ni bunge la Transkei la 1963, ambalo lilikuwa na wajumbe 45 wa kuchaguliwa na machifu 64 walioingia kwa cheo chao. Wengi wa wale waliochaguliwa na wananchi hawakumtaka Kaiser Matanzima. Machifu wakampitisha. Hesabu ilikuwa imeshapigwa kabla ya uchaguzi.

Baloyi alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati serikali inapanga kuifuta ile Alex aliyoijua. Mwaka 1963 ilitangazwa kwamba patageuzwa mji wa mabweni ya wafanyakazi, familia zihamishwe na hati za viwanja zichukuliwe. Wengi walihamishwa kweli, hadi mpango ulipositishwa mwaka 1979 baada ya wakazi kuupinga. Hati iliyomzaa Baloyi ikafutwa na watu ambao baraza lake lilikuwa likiwashauri kwa adabu.

Na kwetu je?

Nyumbani wazee wetu walipewa viti vya namna hiyo karibu wakati uleule. Eliud Mathu, aliyesoma Fort Hare hapahapa Afrika Kusini, aliteuliwa Legco ya Kenya mwaka 1944, Mwafrika wa kwanza. Tanganyika mwaka 1945 waliteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Mathu alipokabili sanduku la kura mwaka 1957 aliangushwa na Bernard Mate, kama Baloyi alivyoangushwa na Mosaka. Anayefungua mlango mara nyingi siye anayeruhusiwa kukaa sebuleni.

Lakini kuna mfano mwingine. Mwaka 1957 Nyerere aliteuliwa Legco, akaona mapendekezo yake hayasikilizwi, Desemba mwaka huohuo akajiuzulu. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1958 kule Tabora, ni yeye aliyeishawishi TANU iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpigakura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengine walikasirika, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. TANU ikaingia, ikanyakua viti, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Ukitazama juujuu utasema Nyerere alijipinga mwenyewe, lakini mimi naona alikuwa anapima kitu kimoja mara zote mbili. Kiti cha 1957 alipewa na gavana, na gavana peke yake ndiye angeweza kumsikiliza au kumpuuza. Viti vya 1958 vilikuwa na chama nyuma yake chenye matawi hadi vijijini, kilichoweza kumsukuma mjumbe na kumvua.

Hicho ndicho Baloyi alichokikosa. Kura za mafungu hazikumfunga kwa mama mfuaji nguo wa Alex, na mama huyo hakuwa na njia ya kumtuma wala kumwajibisha. Miguu iliyokuwa na nguvu haikuwa na kiti, na kiti kilichokuwepo hakikuwa na miguu.

Nawaambia haya kwa sababu sisi wa ughaibuni tunaitwaitwa. Leo kamati ya chuo inataka mwakilishi wa wanafunzi wa Kiafrika, kesho ubalozi unataka mshauri wa diaspora, na wapo kati yetu wanaotamani watu wa nje tutengewe viti vya kuteuliwa bungeni nyumbani. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe ningeitwa pengine ningekwenda, kama Baloyi alivyokwenda, maana mlango uliofunguka nusu huwezi kujua upana wake ukiwa nje. Ila tusimpeleke mtu kukaa halafu tukarudi kulala. Kabla hajaenda tukubaliane anakwenda kudai nini, kila muhula arudi atueleze amejibiwa nini, na sisi tuwe na uwezo wa kumwambia atoke siku ikionekana simu ile haina mtu upande wa pili.

Ukija Johannesburg, usiishie Soweto na Sandton tu. Panda teksi ya Alex, pita Barabara ya Louis Botha, na uhesabu kilomita.